Jino lisilo na kwao

Watu wakishajua tu kwamba unashughulika na meno ya kale, basi kwisha habari yako. Picha zinaanza kuingia kwenye simu saa tano usiku, jino limewekwa kiganjani, mwanga hafifu, chini yake maneno mawili, hii nini? Na nusu yao hata hawaulizi, wanakuja na jibu lao kabisa, hili la dinosau, hili la yule papa mkubwa, hili la simba wa zamani, wewe thibitisha tu. Mimi kabla sijasema kitu huwa nauliza limetoka wapi, na hapo ndo mazungumzo yanapopoa, maana limetoka kwenye boksi la marehemu mjomba, au limenunuliwa kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mtu, au lilikuwepo tu kabatini miaka yote na hakuna anayekumbuka lilifikaje.

Mimi mwenyewe nimeingia kwenye haya mambo kupitia meno ya namna hiyo hiyo. Mkusanyaji mmoja alifariki, familia ikayatoa makusanyo yake yote kwa taasisi niliyokuwa najitolea, na ndani yake kulikuwa na droo za meno matupu, makubwa kwa madogo, meusi kwa meupe, mengine yamefungwa vizuri kwenye pamba na mengine yamemwagwa tu hovyo, lebo karibu zote zimeliwa na wadudu au hazikuwahi kuwepo. Nikapewa kazi ya kuyapanga. Aliyekuwa ananisimamia ni mama mmoja mtu mzima, mtaalamu wa anatomia ya wanyama, wote tulikuwa tunamwita Mwalimu, na tangu mwanzo alinikataza kutaja jina la mnyama yeyote.

"Mwanangu, niambie unachokiona. Jina baadaye."

Kila nikifungua mdomo kusema nadhani hili la farasi, ananyanyua kidole. Ilinikera sana nisiwadanganye. Ila ndo iliyonifundisha kwamba jino linasomwa kwa hatua, na kwamba kila hatua ina mahali inapoishia, yaani kuna umbali ambao umbo la jino linaweza kukufikisha alafu hapo linakuacha, na zaidi ya hapo kinachoongea ni ardhi lililotoka. Kama ardhi huijui, unabaki pale ulipoachwa. Watu hawapendi kusikia hilo.

Hatua ya kwanza ina aibu kidogo, ila lazima uulize, hivi hili ni jino kweli? Kwenye zile droo kulikuwa na vipande vya mawe yaliyochongoka tu, kulikuwa na matumbawe ya kale yenye umbo la pembe, kulikuwa na belemnaiti ambazo ni masalia ya wanyama wa jamii ya ngisi, zina ncha nzuri kabisa na kila mtu anadhani ni chonge. Jino lina vitu vyake. Nje kuna enameli, lile ganda gumu linalong'aa, ndani yake kuna dentini ambayo haing'ai na rangi yake ni tofauti, na katikati kuna uwazi ambao jino likiwa hai unakuwa na mishipa ya damu na neva. Watu wanasikitika jino likiwa limevunjika, mimi nafurahi, kwa sababu pale kwenye mvunjiko ndo unaziona tabaka zote kwa kioo cha kukuzia bila kuhangaika. Enameli karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, dentini kama asilimia 70, mfupa uko chini ya hapo, kwa hiyo mnyama anaweza kuoza na kupotea wote na meno yakabaki. Papa ndo kabisa, hana mfupa, kiunzi chake ni gegedu, alafu anamwaga meno maelfu katika maisha yake, ndo maana ukichukua droo yoyote ya meno ya kale hukosi ya papa.

Alafu inakuja ishu ya je, ni la kale au ni la mnyama aliyekufa juzi. Hapa watu wanadanganywa sana na rangi. Jino jeusi wanaona ndo la mamilioni ya miaka, jino jeupe wanaona la jana. Rangi inatokana na madini ya mahali lilipolala, manganizi na chuma na fosfati vinalitia weusi au ukahawia, na jino la ng'ombe lililokaa kwenye tope la mto linaweza kuwa jeusi tii bila kuwa na umri wowote wa kutisha, wakati jino la kale kweli lililolala kwenye chokaa likabaki rangi ya maziwa. Kuna wanaokwambia lichome kidogo kwa moto, likinuka nywele zilizoungua bado lina kolajeni, ile protini ya mwilini, kwa hiyo ni jipya. Ni kweli kolajeni inanuka hivyo, lakini umeshaharibu kitu chako, na jino lililopoteza kolajeni bado linaweza kuwa na miaka michache tu ukilinganisha na umri wa visukuku, yaani masalia ya viumbe wa kale yaliyohifadhika ardhini. Wengine wanalilamba, likinata kwenye ulimi ni la kale. Kunata ni dalili ya vitundu vidogo vidogo tu, udongo mkavu pia unanata, na mimi ulimi wangu siuweki kwenye kitu ambacho sijui kilikuwa wapi. Uzito unasaidia kidogo, likiwa zito kuliko unavyotarajia maana yake madini yamejaa ndani. Ukishaunganisha dalili kama hizo mbili tatu unaweza kusema labda. Umri wenyewe hutoki nao hapo.

Sasa twende kwenye utamu wenyewe, mizizi. Mtu wa kawaida akishika jino anaangalia juu, sehemu ya kutafunia. Mwalimu alikuwa analigeuza kwanza. Mizizi miwili au zaidi iliyoachana vizuri inakupeleka kwa mamalia karibu moja kwa moja, maana reptilia meno yao kwa kawaida yana shina moja tu na hawana habari ya mizizi ya matawi. Jino la mamba lina umbo la koni, chini liko wazi na lina shimo, kwa sababu jino jipya linaota ndani ya la zamani na kulisukuma nje. La papa halikukaa kwenye shimo la taya kabisa, lilishikwa na ufizi, kwa hiyo mzizi wake ni bapa, mara nyingi una ncha mbili zilizoachana. Ukizielewa hizi familia tatu umeshaigawa droo yako vizuri kabla hujajua jina hata moja.

Na nguvu ya mizizi si ya mchezo. Mwaka 1834 Richard Harlan, Mmarekani, alieleza mifupa mikubwa sana ya mnyama wa baharini akaamini ni reptilia, akampa jina Basilosaurus, yaani mfalme wa mijusi. Baadaye mifupa na meno yakapelekwa London, Richard Owen akayachunguza, akakuta magego yana mizizi miwili. Mjusi gani huyo? Mnyama akahama ukoo, akawa mamalia, na leo tunajua ni nyangumi wa kale. Owen alitaka kumbadilisha na jina pia, akapendekeza Zeuglodon, lakini kanuni za majina zinalinda jina la kwanza, kwa hiyo mpaka leo kuna nyangumi anaitwa mfalme wa mijusi. Huwa nawatajia hiki kisa wale wanaosema mzizi umevunjika basi walitupe, taji ndo muhimu, yaani ile sehemu ya juu yenye enameli. Usitupe kipande chochote jamani.

Kwenye droo yangu, ukiondoa papa, sehemu kubwa ilikuwa magego ya wanyama wala majani, na hawa ndo hutumwa sana kwenye picha wakiwa wamepewa jina la dinosau. Naelewa kwa nini, gego la farasi ukiliona peke yake, refu, lina mifereji mifereji, halifanani na kitu chochote unachokijua, sehemu kubwa ya hilo jino mnyama akiwa hai imezama ndani ya taya na hujawahi kuiona. Kati ya farasi na ng'ombe ndo mtihani wa kwanza wa kila mtu. Geuza sehemu ya kutafunia ije juu, iangalie kwa macho tu, usiisugue. Gego la juu la farasi, na pundamilia ni hivyo hivyo maana ni jamii moja, ni la mraba, na mstari wa enameli umejikunjakunja vibaya sana, una mikunjo midogo midogo ndani ya mikunjo. La chini ni jembamba na refu kwa kipimo chake. La ng'ombe mistari ni mitulivu, inachora miezi mwandamo, na katikati ya sehemu zake mbili, upande mmoja, unakuta kinguzo kidogo kimesimama peke yake. Kile kinguzo ukishakijua hukisahau. Farasi hana.

Ila angalia hapo nimesema ng'ombe na nimeshazidisha. Ng'ombe, nyati, baisani, gego moja moja lililolegea, hasa likiwa limesagika, kuwatenganisha ni shughuli ya mtu mwenye mamia ya kulinganisha nayo na bado atasita. Mbuzi na kondoo ndo usiseme. Mwalimu nilimwandikia lebo moja ya jino lililokuwa wazi kabisa mbele yangu, akalisoma, akachukua penseli akakata jina la spishi, akaacha jamii tu. Nikamuuliza, Mwalimu, si linaonekana? Akanijibu linaonekana mpaka hapo. Hakuna alichoongeza, akaenda kunywa maji.

Kusagika nako ni dunia nyingine. Jino linabadilika sura kadiri mnyama anavyozeeka, michoro inayoonekana juu ni mkato wa kitu kinachozidi kuliwa, kwa hiyo gego la mnyama kijana na la mzee wa spishi ile ile yanaweza kuonekana ya wanyama wawili. Kiboko gego lake likisagika linatoa michoro ya majani matatu matatu, ni zuri sana. Tembo hukaa anabadilisha magego kwa kusukuma kutoka nyuma kwenda mbele, seti 6 kila upande wa taya katika maisha yake, na kila gego limejengwa kwa bamba zilizosimama zimeunganishwa kwa saruji yake. Gego la tembo mchanga ambalo halijaunganika likiachana, bamba moja peke yake lina ncha juu zinazofanana na vidole, na watu wanakuja wamejawa na furaha kwamba wamepata wayo wa nyani uliogeuka jiwe. Nimeziona picha hizo zaidi ya mara moja na huwa natafuta maneno ya upole. Kumtenganisha mamothi na mastodoni, jamaa wa tembo waliokwisha kutoweka, ndo rahisi kuliko yote, mamothi ana bamba na mastodoni ana vichuguu vikubwa vikubwa.

Magego ya kuogopa ni yale ya vichuguu vya chini chini vya mviringo, kwa sababu mtu, nguruwe na dubu wote wanakula kila kitu na meno yao yamefuata njia moja. Hapa ndo wakubwa walianguka. Mwaka 1922 Henry Fairfield Osborn wa makumbusho ya New York alitangaza nyani mwenye sura ya kibinadamu kutoka Nebraska, Hesperopithecus, kwa ushahidi wa jino moja lililosagika ambalo alitumiwa na Harold Cook. Jino moja! Gazeti moja la London likamchora na mwenzake. Wakarudi kuchimba mahali pale pale, vikapatikana vipande zaidi, na mwaka 1927 ikaandikwa rasmi kwamba lile jino ni la peccary, jamaa wa nguruwe wa Amerika. Ninachokipenda kwenye hiki kisa ni kwamba kilirekebishika, na kilirekebishika kwa sababu moja tu, mahali lilipotoka palijulikana, watu waliweza kurudi na jembe. Lingekuwa limetoka kwenye boksi la mjomba mpaka leo tungekuwa tunabishana.

Kwa hiyo ukikutana na jino linalokupa hisia ya mtu, weka chini. Kama liko ardhini usilichimbue. Linaweza kuwa la nguruwe, linaweza kuwa la binadamu wa kale, na linaweza kuwa la binadamu wa juzi ambaye ndugu zake bado wanamtafuta, na hiyo ya mwisho ni kazi ya polisi kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Papa nitawasema haraka kwa sababu wanaandikwa sana. Kila pembetatu kubwa inaitwa megalodoni, yule papa mkubwa wa kale. Otodus megalodon jino lake kubwa linafika kama sentimita 18, lina msumeno mwembamba wa kufanana pembeni, na kati ya taji na mzizi kuna mkanda mweusi wa umbo la V. Papa mweupe wa leo jino lake linaishia kwenye sentimita 6 au 7 hivi, msumeno wake ni wa meno makubwa zaidi na mkanda ule hana. Shida ni kwamba megalodoni naye alikuwa mtoto, na jamaa zake wa kabla yake walikuwa na vimeno vidogo pembeni mwa jino, na mdomoni mwa papa yule yule la juu ni pana, la chini jembamba, la pembeni limelala. Mtu anachukua meno matatu ya papa mmoja anatengeneza spishi tatu. Hata kujua kwamba haya ni ya papa kulichukua muda, wazee wa Ulaya walikuwa wanayaita ndimi za mawe, kuna walioandika kwamba yanaanguka kutoka mbinguni mwezi unapopatwa, mpaka Nicolaus Steno, mtaalamu wa anatomia kutoka Denmark, mwaka 1666 alipoletewa kichwa cha papa aliyevuliwa karibu na Livorno, Italia, akakipasua, akayaona ni yale yale, akachapisha 1667. Na meno ya mviringo ya samaki mmoja wa kale aitwaye Lepidotes watu waliyavaa kwenye pete wakiamini ni jiwe la kichwani mwa chura linaloagua sumu. Najiuliza wangapi walikunywa sumu wakijiamini.

Sasa turudi kwenye ardhi maana ndo kiini cha yote. Niwape mfano wa jino lenye kwao. Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, kuna tabaka la majivu ya volkano linaloitwa KBS. Vipimo vya mwanzo viliipa ile tabaka umri wa kama miaka milioni 2.6, na namba hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kwa sababu fuvu la jamaa wa kale wa binadamu lenye namba 1470, lililopatikana 1972, lilitoka chini yake. Wakati huo huo kuna jamaa anaitwa Basil Cooke, kazi yake nguruwe wa kale, na gego la mwisho la nguruwe wa kale lina tabia nzuri sana, kadiri miaka ilivyoenda lilikuwa linarefuka na kupanda juu, kwa hiyo lenyewe ni saa. Akalinganisha magego ya Koobi Fora na yale ya Omo kule Ethiopia ambako tabaka zilikuwa na umri unaoeleweka, akakuta nguruwe wa hapa wanalingana na wale wa kama miaka milioni 2. Ugomvi ukaenda miaka. Mwisho wake vipimo vipya vikaliweka lile jivu kwenye karibu milioni 1.9, nguruwe walikuwa sahihi. Sasa chukua gego lile lile la nguruwe, liondoe Koobi Fora, litie mfukoni, lisahau kwenye droo. Ni gego la nguruwe. Basi. Hakuna mashine itakayolirudishia ule uwezo wote.

Nasikia wanaosema siku hizi kuna teknolojia. Ni kweli ipo. Gigantopithecus, yule sokwe mkubwa ajabu, alijulikana mwaka 1935 mtaalamu wa visukuku von Koenigswald alipokuta gego lake kwenye duka la dawa za Kichina, linauzwa kama mfupa wa joka. Jino lisilo na kwao kabisa. Alikuwa sahihi kwamba ni sokwe mkubwa asiyejulikana, umbo lilimfikisha hapo. Lakini aliishi wapi, lini, na wanyama gani, hayo yalisubiri mpaka watu wakachimba mapango ya kusini mwa China, na mataya yakapatikana miaka ya 1950. Na mwaka 2019 wataalamu walipotoa protini kwenye enameli ya jino lake la miaka milioni 1.9 na kuonyesha kwamba ndugu yake wa karibu aliye hai ni orangutani, walitumia jino la pango linalojulikana jina, Chuifeng. Protini ilisema ni ndugu wa nani. Umri ulitoka pangoni.

Ndo maana siku hizi mtu akiniletea jino la boksi la mjomba naanza na boksi lenyewe. Gazeti lililofungia lina tarehe? Kuna maandishi upande wa chini? Mjomba alifanya kazi wapi, mgodini, barabarani, baharini? Na kabla ya yote namwambia asilioshe. Watu wakipata kitu cha zamani mkono unakwenda kwenye mswaki na maji, wanalisugua mpaka ling'ae, wengine wanapaka vanishi, kumbe kwenye mashimo ya mizizi na kwenye mikunjo kulikuwa na udongo kidogo wa kule kwao, na udongo ule una chembe za mchanga, wakati mwingine una viganda vya viumbe vya baharini ambavyo havionekani kwa macho, ambavyo mtaalamu anaweza kukuambia ni mashapo ya aina gani na hata ya kipindi gani. Kwenye ile droo kuna jino moja ambalo lilipata angalau mkoa wake wa jiolojia kwa uchafu uliobaki kwenye tundu la mzizi. Yaliyong'arishwa yote hayakupata kitu. Na hata ukipata mahali bado uwe na mashaka, maji yanalitoa jino kwenye mwamba wa zamani yanalilaza kwenye kokoto za juzi, kwa hiyo ukiliona limeviringika, makali yote yameisha, jua limesafiri.

Meno ya kununua ni kilio kingine. Yanayotoka Morocco kwa wingi, ya dinosau Spinosaurus kutoka eneo la Kem Kem na ya mosasauri, reptilia wa baharini wa kale, kutoka machimbo ya fosfati, mengi ni meno halisi, ila yamefanyiwa ufundi, taji la mmoja limegundishwa kwenye mzizi wa mwingine, au meno yamepangwa kwenye taya lililofinyangwa kwa mchanga na gundi. Mimi huwa nayapitishia taa ya UV gizani, gundi na vijazio mara nyingi vinang'aa tofauti na jino lenyewe, na kwa kioo naangalia kama mistari ya taji inapita kwenye ufa au inakatika ghafla. Ukiona vipovu vya hewa, hiyo ni plastiki ya kumimina kwenye kalibu. Jino bandia nusu na halisi nusu ndo baya kuliko bandia zima, kwa sababu kila sehemu inakuambia ukweli wake.

Ukitaka mtu akusaidie kwa picha, mpe picha za kumsaidia. Jino kwenye kitambaa kisicho na maua, mwanga wa pembeni, rula ya milimita kando yake na si sarafu maana sarafu yako mimi siijui ukubwa, alafu piga upande wa shavu, upande wa ulimi, mbele, nyuma, juu ya kutafunia na chini ya mizizi. Pima urefu, upana, unene. Na ukishapata jibu andika lebo pamoja na nani kasema na kwa sababu gani. Lebo zangu za droo ile nyingi zinasomeka mamalia, mwenye kwato, gego la juu, kushoto, mahali hapajulikani. Chache zina jina la jenasi. Mgeni mmoja alipita akazisoma akasema mbona kazi bado haijaisha, Mwalimu akamwambia imeisha.

Swali linalobaki, na huwa linakuja mwisho kwa sauti ya chini, ni la hela. Hili lina thamani gani? Bei sitaji kwa mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba mkataba wa UNESCO wa 1970 unahesabu vitu vya paleontolojia kwenye mali za utamaduni ambazo biashara yake haramu inazuiwa, na nchi nyingi zina sheria zinazosema kisukuku kilichotoka ardhini ni mali ya taifa, kwa hiyo kabla hujauza, hujatuma nje, wala hujalitia mfukoni, uliza sheria ya hapo lilipotoka. Na kama umelikuta likiwa bado limeshika kwenye mwamba, usilitoe, piga picha pamoja na tabaka lenyewe, chukua alama ya GPS kwenye simu, rudisha mchanga ulioutoa, alafu wapigie makumbusho ya karibu.